Aliyedanganya kuhusu sindano za misuli: afungwe au afungiwe?

Swali: Wakili, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa michezo sekondari huku Newala. Kuna kijana niliyemfundisha, sasa ana miaka 23, anakimbia mita 400 na alichukuliwa na klabu moja Dar es Salaam. Viongozi wa klabu walisikia fununu kwamba baadhi ya wachezaji wanachoma sindano za kuongeza misuli, wakawaita mmoja mmoja. Yeye alikana na akasaini karatasi. Alipokuja likizo aliniambia ukweli: alichoma, na dawa alizipata kwa mtu wa jimu huku huku kwetu, Masasi, kabla hajaondoka. Ofisini walimu tumebishana sana. Wenzangu wanasema Marekani yule dada aliyeshinda Olimpiki alifungwa jela kwa kudanganya, kwa hiyo na huku wafungwe ili wengine wajifunze. Je, ni haki mwanariadha kushtakiwa mahakamani kwa kudanganya kuhusu dawa hizi? Na huyu kijana nimwambie nini?

Jibu: Mwalimu, salaam kutoka Mtwara mjini, na asante kwa kumsikiliza kijana wako. Wengi wakishasikia neno sindano wanamkimbia mchezaji, na mchezaji aliyekimbiwa hurudi kwa yule yule aliyemuuzia.

Nianze na msimamo wangu. Mwanariadha aliyekana mbele ya klabu, mbele ya waandishi wa habari, hata mbele ya kamati ya nidhamu, asipelekwe mahakamani. Adhabu yake ni kufungiwa michezo, nayo si ndogo. Aliyekula kiapo mahakamani akadanganya, au aliyempotosha mpelelezi kwa makusudi ili kumlinda muuzaji, huyo ashtakiwe kama raia mwingine yeyote, kwa sababu pale hajadanganya kuhusu mwili wake tu, amezuia haki isitendeke. Na hata huyo, dola isimkamate yeye kwanza na kumwacha aliyempa chupa.

Sasa tumtazame huyo dada wa Marekani, maana habari yake husimuliwa nusu. Ni Marion Jones. Alipata medali tano Sydney mwaka 2000, tatu za dhahabu na mbili za shaba. Novemba 2003 wapelelezi wa serikali walimhoji kuhusu BALCO, maabara ya California iliyokuwa ikisambaza dawa ambayo vipimo vya wakati ule havikuwa vikiigundua. Walimwonyesha sampuli ya dawa hiyo, akasema hajawahi kuiona. Oktoba 2007 alikiri mahakamani kwamba alidanganya. Alisema kocha wake alimpa akimwambia ni mafuta ya mbegu za kitani. Januari 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi sita.

Hakushtakiwa kwa kutumia dawa. Alishtakiwa kwa kuwadanganya wapelelezi wa serikali, kosa ambalo sheria ya Marekani inaliadhibu kwa kifungo cha hadi miaka mitano. Tena alikiri uongo wa aina mbili, na ule wa pili wenzako hawautaji: aliwadanganya pia wapelelezi kuhusu kesi ya hundi za kughushi ambayo mzazi mwenzake, Tim Montgomery, alihusishwa nayo. Kwa hiyo anayesema Marion alifungwa kwa sababu ya steroidi, yaani hizo dawa za misuli, anakosea mara mbili.

Wengine walioshtakiwa kwa kudanganya kuhusu dawa hizo hizo mambo yao yaliishia pengine kabisa. Barry Bonds ndiye mwenye rekodi ya kupiga mipira ya kutoka nje ya uwanja katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, mara 762. Desemba 2003 alipelekwa mbele ya jopo la raia wanaosikiliza ushahidi kwa siri kabla mashtaka hayajafunguliwa. Alipewa kinga: ukisema kweli, maneno yako hayatatumika dhidi yako. Mtego wa kinga hiyo ni kwamba ukidanganya, uongo wenyewe ndio unakuwa kesi. Akaulizwa kama mkufunzi wake wa mazoezi, Greg Anderson, aliwahi kumpa kitu cha kujichoma kwa sindano. Badala ya ndiyo au hapana akaanza kueleza urafiki wao, na jinsi yeye alivyokuwa mtoto wa baba maarufu. Baba yake, Bobby Bonds, alikuwa mchezaji mkubwa kweli.

Alishtakiwa 2007. Kesi ikasikilizwa 2011. Wazee wa baraza hawakuafikiana kwenye mashtaka matatu ya kutoa ushahidi wa uongo. Walimtia hatiani kwa moja tu, la kuzuia haki, na msingi wake ulikuwa yale maelezo ya kuzungukazunguka kuhusu baba yake. Adhabu ikawa siku 30 za kifungo cha nyumbani. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo, majaji kumi kwa mmoja. Miaka kumi na mbili ya wapelelezi, mawakili na majaji, kisha hakuna kitu.

Aliyekaa ndani muda mrefu kuliko Marion na Bonds katika sakata hilo ni Greg Anderson. Alikataa kutoa ushahidi dhidi ya Bonds, akawekwa ndani zaidi ya mwaka kwa kudharau mahakama. Mwenye maabara mwenyewe, Victor Conte, alifungwa miezi minne. Naomba uwasomee wenzako hesabu hiyo pale ofisini: mwenye maabara miezi minne, mkimbiaji aliyedanganya miezi sita, aliyenyamaza zaidi ya mwaka. Hapo ndipo unapofika ukiiweka kesi juu ya uongo, ukaiacha dawa.

Roger Clemens, mrushaji mpira wa besiboli, alikana chini ya kiapo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 2008. Kesi yake ya kwanza ilivunjika 2011 kwa sababu upande wa mashtaka uliwaonyesha wazee wa baraza ushahidi ambao jaji alishaukataza. Ya pili, Juni 2012, akaachiwa huru kwa mashtaka yote sita. Ugiriki nako, wakimbiaji Kostas Kenteris na Katerina Thanou walikosa kipimo usiku wa kuamkia Olimpiki ya Athens 2004, wakadai walipata ajali ya pikipiki. Walishtakiwa kwa madai kwamba ajali hiyo ilitungwa. Mwaka 2011 walihukumiwa kifungo kilichoahirishwa, na mwaka huo huo rufaa ikawaachia.

Kwa nini kesi hizi zinaanguka? Kwenye jinai mwendesha mashtaka anatakiwa athibitishe pasipo kuacha shaka kwamba maneno yalikuwa ya uongo, kwamba msemaji alijua ni ya uongo wakati anayasema, na kwamba yalihusu jambo la msingi katika shauri. Mchezaji anasema, "Kocha alinipa, nikadhani ni vitamini." Utaingiaje kichwani mwake? Shahidi mkubwa huwa ni yule yule muuzaji ambaye naye ana kesi yake, na wakili mzuri atamchana mbele ya mahakama kwa nusu saa.

Vyombo vya michezo havina mzigo huo. Chini ya Kanuni ya Dunia ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizi michezoni, dawa ikikutwa kwenye sampuli yako umekwisha vunja kanuni, uwe ulijua au hukujua. Kujua au kutojua kunabadilisha ukubwa wa adhabu tu. Adhabu ya kawaida kwa steroidi zilizotumika kwa makusudi ni miaka minne. Na uongo una bei yake humo humo. Jemima Sumgong wa Kenya alishinda marathoni ya London na ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016; mwaka uliofuata alikutwa na EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, akafungiwa miaka minne. Katika utetezi alipeleka karatasi za matibabu ambazo hospitali ilizikana. Adhabu ikapanda hadi miaka minane. Blessing Okagbare wa Nigeria alifungiwa miaka kumi mwaka 2022: mitano kwa dawa alizokutwa nazo, na mitano mingine kwa kukataa kushirikiana na wachunguzi. Mwaka mmoja ukaongezwa baadaye.

Kwa mwanariadha hiyo ni hukumu ya maisha ya kazi yake yote. Mkimbiaji wa mita 400 ana miaka kumi hivi ya kukimbia kwa kiwango cha juu. Ukimfungia minane umemstaafisha, bila kumchanganya na wezi wa mifugo na wauaji kwenye gereza la Lilungu.

Katika kesi ya Okagbare kuna mtu aliyefungwa kweli, naye ni Eric Lira, aliyekuwa akimpatia dawa kutoka Texas. Marekani ilibadili mwelekeo baada ya sakata la BALCO. Desemba 2020 ilipitisha sheria iitwayo Rodchenkov, inayowalenga wasambazaji, madaktari, makocha na mawakala wanaokula njama ya kuharibu mashindano ya kimataifa, na adhabu yake inafika miaka kumi. Wanariadha hawamo. Lira alikuwa wa kwanza kushtakiwa chini ya sheria hiyo. Alikiri, na 2024 akahukumiwa miezi mitatu. Mimi ningependa ingekuwa zaidi, lakini mwelekeo ndio huo.

Nakubali kuna nchi zilizochukua njia nyingine. Ujerumani tangu 2015 inaweza kumshtaki mwanariadha mwenyewe kwa kutumia. Ila tazama kilichotokea kwa Johannes Dürr, mtelezaji theluji wa Austria. Januari 2019 alieleza hadharani kwenye televisheni ya Ujerumani jinsi alivyokuwa akitumia dawa na kuongezewa damu. Mwezi uliofuata polisi walivamia mashindano ya dunia ya Seefeld, na mtandao mzima wa daktari Mark Schmidt wa Erfurt ukafichuka. Daktari huyo alihukumiwa miaka minne na miezi kumi mwaka 2021. Mkufu ule ulianza kukatika kwa sababu mchezaji mmoja aliamua kusema. Dürr mwenyewe alipewa na mahakama ya kwao Austria kifungo cha miezi kumi na mitano kilichoahirishwa, na mimi najiuliza ni wangapi waliokuwa wanataka kusema kama yeye, walipoona hivyo wakafunga midomo.

Wenzako ofisini wana hoja ambayo siidharau, nayo ni ya aliyeibiwa. Dada waliopokezana kijiti na Marion Jones Sydney walinyang'anywa medali zao kwa sababu yake, wakahangaika hadi mahakama ya usuluhishi wa michezo ilipowarudishia mwaka 2010. Huku kwetu pia. Mtoto anatoka Liwale au Nanyumbu kuja kwenye mchujo pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, anashika nafasi ya nne kwa sehemu ya sekunde, anarudi nyumbani na kuanza kulima korosho. Kama aliyekuwa mbele yake alichoma, mtoto huyo ameporwa, na hakuna atakayemtafuta kumwambia. Nina hasira naye huyo mwizi kama walivyo wao. Lakini kumweka jela mwaka 2030 hakumrudishii wa nne nafasi yake. Kinachomrudishia ni ukweli kujulikana mapema, kabla msimu haujaisha. Na ukweli unajulikana mapema pale anayesema anapopata unafuu, asiyesema anapopata mzigo zaidi.

Kanada walilijua hilo zamani. Mkimbiaji wao Ben Johnson alipokutwa na stanozololi, steroidi mojawapo, kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 alikana. Serikali ikaunda tume ya jaji Charles Dubin, mashahidi wakaapishwa. Kocha wake akasema yote, na Juni 1989 Johnson naye akakiri mbele ya tume. Kiapo kilifanya kazi yake kwa sababu tume ilikuwa inatafuta ukweli, na wote waliofika pale walijua hivyo.

Sasa tuje kwa kijana wetu, maana swali lako la pili ndilo lenye haraka.

Jambo la kwanza ni karatasi aliyosaini. Hapa nakuomba uangalie kwa macho yako, usikubali kusimuliwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatoa hadi miaka saba kwa ushahidi wa uongo unaotolewa katika shauri la kimahakama. Fomu ya klabu yenye sahihi yake na ya katibu si kiapo. Ni uongo, ni aibu, inaweza kumtoa klabuni, lakini haimpeleki jela. Itazame sehemu ya chini. Kama kuna maneno "imethibitishwa na kuapwa", jina la mahali na tarehe, na muhuri wa Kamishna wa Viapo au hakimu, basi hiyo ni hati ya kiapo na suala limebadilika. Nipigie kabla hajazungumza na mtu mwingine yeyote.

Nakwambia hivyo kwa sababu naona jinsi watu wanavyosaini. Msimu wa korosho ofisi yangu hujaa wakulima ambao jina la kwenye daftari la AMCOS, chama chao cha ushirika, halilingani na la benki, na malipo yamekwama. Wanahitaji hati ya kiapo, wanataka itoke haraka, na mara nyingi mtu ananyoosha kidole gumba kwenye wino kabla sijamaliza kumsomea. Kijana wa miaka 23 aliyezungukwa na viongozi watano mezani husaini kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo usimuulize alisaini nini. Iombe nakala.

La pili, asikiri klabuni kwa mdomo. Kuna mlango ambao bado uko wazi kwake. Kanuni ya WADA iliyoanza kutumika 2021 inasema mwanariadha anayejitokeza mwenyewe kukiri kabla hajaarifiwa kutoa sampuli, na kukiri kwake kukawa ndio ushahidi pekee wa kuaminika, adhabu yake inaweza kupunguzwa hadi nusu. Akitoa msaada mkubwa unaowezesha mtu mwingine kukamatwa, kama vile huyo muuzaji wa Masasi, hadi robo tatu ya adhabu inaweza kusimamishwa. Akisubiri mpaka apimwe, akutwe na kupewa barua ya mashtaka, anachobakiwa nacho ni kukiri na kukubali adhabu ndani ya siku 20, apunguziwe mwaka mmoja kutoka miaka minne. Akiendelea kukana na kuleta daktari wa uongo, ndiyo safari ya Sumgong.

Na asijidanganye kwamba dawa imeshatoka mwilini kwa sababu alichoma kabla ya kuondoka Masasi. Inategemea alichoma nini. Nandroloni ya mafuta, ile inayochomwa kwenye makalio, mabaki yake yanaweza kuonekana kwenye mkojo kwa miezi mingi. Ndiyo maana chupa ni muhimu kuliko kumbukumbu zake. Huku kusini watu wanachanganya mambo mawili: deksamethasoni na predinisoloni, ambazo wengine wanameza ili wanenepe, na steroidi za kujenga misuli kama testosteroni na stanozololi. Zote zina marufuku yake michezoni, lakini hazifanani kwa muda wala kwa adhabu, na mtu wa jimu akisema "hii ya misuli" hajakuambia chochote.

Mpeleke pia kwa daktari, Ligula au hospitali yoyote ya rufaa iliyo karibu naye, aseme alichoma nini. Apimwe ini, presha na mafuta ya damu. Testosteroni ya nje huufanya mwili upunguze kutengeneza ya kwake. Korodani husinyaa, mbegu hupungua, wengine huota matiti. Anayeacha ghafla anaweza kupita kwenye miezi ya huzuni nzito bila kujua chanzo chake. Daktari anatunza siri ya mgonjwa, hilo mwambie mapema, maana hofu hiyo ndiyo inayowafanya wajitibu wenyewe.

La mwisho ni yule mtu wa jimu. Testosteroni na wenzake ni dawa za cheti. Kuziuza jimu, bila kibali wala cheti cha daktari, ni kosa chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, na hapo ndipo ningependa kuona pingu, kwa sababu huyo ana wateja wengine, na baadhi yao bado wanavaa sare za shule. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wana ofisi ya Kanda ya Kusini hapa Mtwara. Taarifa unaweza kuipeleka wewe kama mwalimu bila kulitaja jina la kijana. Akihitajika yeye kama shahidi, aje nimsindikize. Kabla hajaandika maelezo yoyote polisi ana haki ya kuonywa na ya kuwa na wakili wake, na akishaamua kusema, aseme yote, maana pale uongo utakuwa jinai kweli.

Chupa na maboksi, hata matupu, asitupe na asioshe. Afunge kwenye mfuko, aandike tarehe aliyonunua na bei aliyolipa, aache namba ya toleo isomeke. Wiki ijayo niko ofisini kuanzia Jumatatu. Njooni wote wawili, na ile nakala ya karatasi.